Jonetta Anaishi Hapa

S.L.P. 31,
Cullen Grove,
Kaunti ya Averett,
Virginia.

9 Oktoba 1961

Mpendwa mdogo wangu Thurman,

Kabla sijakugombeza, nikujulie hali kwanza, maana Mama alitulea na adabu. Mguu unaendeleaje? Wifi yangu Coralie aliniandikia kwamba chuma kilikuangukia kiwandani, ukashindwa kuvaa kiatu wiki mbili, na bado ukaenda kazini. Sikushangaa hata kidogo. Mwanao Linwood naye, bado anakohoa baridi ikianza? Mpakeni mafuta ya moto kifuani mumfunge na kitambaa kizito, msimwachie daktari kila kitu.

Sisi wazima. Mama alitimiza miaka sabini na minne mwezi uliopita. Macho yamemwisha, lakini masikio bado makali, anasikia hata yasiyomhusu. Mume wangu Wiley walimwachisha kazi kwenye ghala la tumbaku tangu Aprili, kwa sababu unayoijua. Sasa anapasua kuni na kutengeneza majiko ya watu, na hajalala mtu na njaa humu ndani. Mimi bado nanyoosha nywele kwa chanuo la moto kwenye kibanda changu. Uzuri wa kazi yangu ni kwamba hakuna mzungu anayeweza kunifukuza kwenye kiti changu mwenyewe, na wanawake wa Cullen Grove hawatakwenda kanisani na nywele timtim eti kwa kuwa mimi nimeishtaki kaunti. Leo Jumatatu kiti kinapumzika, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia kwa kirefu.

Haya, sasa nikugombeze.

Alhamisi iliyopita tulikuwa mahakamani Richmond. Barua kutoka shule ya huko kwenu Philadelphia ilisomwa mbele ya jaji. Inaomba rekodi za mwanafunzi Jonetta Womack, miaka kumi na mitatu, aliyeandikishwa na mjomba wake na mlezi wake, Thurman Barksdale. Mlezi wake! Nilikuwa nimekaa pale na kofia yangu nzuri, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanangu ana mlezi.

Najua utasema ulitaka kumsaidia. Najua pia ulifanya hivyo Julai, alipokuja kwenu kutembea zile wiki mbili, ukafikiri nikiona mambo yameshaiva nitakubali. Lakini nadhani ukikaa mbali sana mambo ya huku yanakuwa madogo, kwa hiyo nitakueleza upya kama vile hujui kitu.

Mahakama ya Juu ya nchi ilisema miaka saba iliyopita kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi yao ni kinyume cha sheria. Wakuu wa Averett wakakokota miguu hadi jaji alipowaambia basi, mwaka huu lazima. Wakaona heri wafunge shule zote kuliko mtoto mweusi aketi dawati moja na mtoto wao. Tangu Juni ya mwaka hamsini na tisa milango ina minyororo. Watoto wao wanasoma kwenye kumbi za makanisa yao na kwenye jumba la sinema la zamani, wanaliita shule ya binafsi. Wetu wanashika tama. Ndipo wazazi kumi na mmoja tukaenda mahakamani, kila mmoja kwa jina la mtoto wake, kusema kwamba kufunga shule ni ubaguzi uleule uliobadilishiwa gauni.

Wakili wetu, Bwana Hargrave, alituonya tangu siku ya kwanza tulipokutana kanisani. Alisema, "Sikilizeni, akina mama. Mtoto anayedai ni lazima awe mkazi wa kaunti hii. Akihama, madai yake nayo yamehama. Kaunti haina haja ya kutushinda. Inaweza kungoja tu mpaka tuishe."

Sasa ukiri wangu, maana sitakunyooshea wewe kidole huku nimeficha wangu.

Unajua mimi ni karani wa kanisa mwaka wa tisa huu. Jumapili ya tatu ya Agosti, ile Jumapili ya ndugu kurudi nyumbani, watu walikuja kutoka Baltimore, kutoka Newark, magari yakapangwa mpaka kwenye makaburi. Kwenu hakuja mtu, na sikuuliza kwa nini. Meza zilijaa nguruwe wa kukaushwa, kuku wa kukaanga, keki za nazi za Dada Pettus. Watu walikula, walilia, na jioni waliondoka na watoto wa ndugu zao kwenye viti vya nyuma ili wakasome. Siwezi kumlaumu hata mmoja. Mzazi akiona mtoto wake amekaa miaka miwili bila darasa, na dada yake anafungua mlango wa gari, afanye nini?

Ila mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimeyajua mapema. Kwenye kijitabu cha ibada ya siku hiyo nikaweka ukurasa mzima wenye kichwa, "Vijana Wetu Wanaokwenda Kusoma." Jina la kila mtoto, mji anaokwenda, na jina la ndugu atakayemkaribisha. Nilitaka wapigiwe makofi, na walipigiwa, kanisa zima likasimama, mchungaji akashindwa kuendelea. Na kijitabu hicho nani alikipeleka kuchapwa? Ni mimi, nimevaa glavu zangu za kanisani, kwenye kiwanda cha chapa kilekile kinachochapa gazeti la mjini, la wazungu, kwa sababu hakuna kingine. Hata nilirudi siku ya pili kusahihisha tahajia ya majina mawili!

Watoto kumi kati ya wale kumi na mmoja wa kesi yetu walikuwa kwenye ukurasa ule. Wakili wa kaunti, mwanamume mwembamba mwenye sauti tamu, aliusoma Alhamisi mbele ya jaji, jina moja moja, mji mmoja mmoja. Alisoma vizuri kumshinda mchungaji wetu. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulipotoka kwa mapumziko Hargrave akanivuta pembeni. "Dada Arvella, umewafanyia kazi yao yote. Umebakiza kumtilia jaji sahihi tu."

Nikamwambia, "Nitukane vizuri, nimestahili."

Akasema, "Sina muda wa kukutukana. Tumebaki na Jonetta peke yake. Niambie hajaandikishwa popote."

Nikaapa kwa jina la baba yetu kwamba hajaandikishwa popote. Tukarudi ndani, na yule wakili wa kaunti akatoa karatasi ya pili, ambayo ni yako.

Jaji aliniuliza mtoto wangu anaishi wapi, nikasema anaishi nami Cullen Grove. Yule mwembamba akasema labda binti mwenyewe atueleze. Basi Jonetta akapanda pale mbele, ana lile gauni nililomshonea kutoka kwenye la kwangu la buluu, mikono ameifumba mapajani. Nakuandikia maneno yao kama yalivyokuwa, kwa sababu nataka ujue ulimweka mtoto mahali gani.

"Mwezi wa saba ulikuwa Philadelphia?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulilala kwa mjomba wako?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulipapenda?"

"Nilipapenda sana."

"Na kuna shule karibu na hapo?"

"Ipo mtaa wa pili. Niliiona kwa nje. Ina maktaba."

"Ungependa kusoma pale, sivyo?"

Hargrave akainuka kupinga swali, jaji akamwambia akae. Ndipo mtoto akasema, "Ningependa kusoma popote, bwana. Lakini shule yangu iko Averett. Ninyi ndio mlioifunga, halafu mnaniuliza mbona simo ndani."

Watu wetu wakacheka, jaji akagonga meza, na yule mwembamba akatazama karatasi zake kama ameangusha kitu humo. Mimi sikucheka, nililia mbele za watu na sikujifuta.

Hata hivyo jaji hakuitupa barua ya shule. Ina muhuri, na jina lako limo. Ametupa siku kumi na nne. Ifikapo Alhamisi tarehe kumi na tisa tulete uthibitisho kwamba uliyemwandikisha hukuwa na idhini yangu na kwamba jina lake limeondolewa pale shuleni. Tusipouleta, kesi inafutwa, maana hakuna mdai aliyebaki ndani ya kaunti. Tutaanza upya na wazazi wapya, kama watapatikana, na Hargrave anasema hiyo ni miaka miwili mingine, labda mitatu.

Sasa nije kwenye barua yako ya Septemba. Uliandika kwamba namfanya mwanangu kuni za moto wa watu wengine. Niliisoma mara tatu kibandani, na siku ile nikamuunguza sikio Dada Pettus, ambaye hajaungua kwangu tangu nianze kazi hii. Neno lako liliniuma kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe.

Usidhani sioni. Jonetta anasoma chini ya kanisa mara tatu kwa wiki, saa mbili mbili, na mwalimu mmoja mstaafu na watoto arobaini na ramani yenye nchi ambazo hazipo tena. Aljebra hajaigusa. Hata jaji akitupa ushindi kesho, hukumu haitamrudishia darasa la sita wala la saba. Atakuwa mwanamke mzima siku moja, atajaza fomu ya kazi, atafika pale wanapouliza miaka ya shule, na atasimamisha kalamu. Hilo litamfuata, na mimi mama yake nitakuwa mmoja wa waliosababisha. Nalijua na ninalibeba.

Lakini nijibu na wewe. Mabinti watatu wa Scruggs, anayelima shamba la mzungu kwa kugawana naye nusu ya mavuno, wana mjomba gani Philadelphia? Baba yao akitia sahihi kwenye kesi leo, kesho vyombo vyao viko barabarani. Mdogo wao ana miaka minane na hajawahi kukanyaga darasa hata siku moja, kwa sababu mwaka wake wa kuanza ndio mwaka wa minyororo. Wenye ndugu wote tukiondoka, kaunti itabaki na wasioweza kudai, na wakuu watalala usingizi mnono. Hicho ndicho wanachongojea, Thurman. Wanangoja upendo wetu uwasaidie. Tuliwasaidia mara kumi Agosti, mimi nikapiga chapa, na wewe umekuja kuwamalizia.

Mimi nimekataa. Walimwachisha Wiley kazi, nikakataa. Walikuja wawili kibandani kwangu mwezi wa tano, kofia kichwani, wakasema wanaweza kufunga kibanda kwa sababu za afya. Nikawaonyesha sinki, nikawaonyesha taulo, nikawauliza kama wanataka kuoshwa nywele. Waliondoka. Sitaondolewa kwenye kesi hii na mdogo wangu mwenyewe, tena kwa huruma.

Na usiseme mtoto hakuulizwa. Tulipokuwa kwenye basi tunarudi aliniuliza, "Mama, nikikaa nitasoma lini?" Sikumdanganya kwamba najua. Nilimwambia akisema anataka kwenda, nitamfungia sanduku kwa mikono yangu na sitamnunia maisha yangu yote. Alikaa nalo siku mbili. Jumamosi akaja kibandani nikiwa na mteja kitini, akasimama mlangoni.

"Nitakaa mpaka iishe," akasema. "Lakini usimchukie Mjomba. Na umwambie alete kitabu cha aljebra, chenye majibu nyuma."

Mteja wangu akasema, "Huyu mtoto ni nyanya yake mtupu."

Nimekuja sasa kwenye jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulitamka.

Mwaka hamsini na moja, tulipoomba shule isiyovuja, ulitia sahihi barua ya maombi pamoja nasi. Bwana wa kiwanda cha mbao ulikokuwa ukifanya kazi alikuita Ijumaa. Jumatatu gazeti la mjini lilichapa maneno yako, kwamba ulitia sahihi bila kuelewa. Wewe, uliyekuwa ukimsomea Baba gazeti lilelile kila jioni. Kufika masika ulikuwa umehama. Sikukulaumu. Coralie alikuwa na mimba ya Linwood, na ulikuwa na miaka ishirini na mitano. Baba naye hakusema neno baya juu yako mpaka tulipomzika. Alisema mara moja tu, mezani, "Thurman alielewa," akaomba apitishiwe mkate. Miaka kumi hujakanyaga hapa, na sote tunajifanya ni kwa sababu ya kazi.

Hati ya kiapo aliyoiandaa Hargrave iko ndani ya bahasha hii. Inasema ulimwandikisha Jonetta bila idhini ya mama yake, kwamba hukuwa mlezi wake kisheria, na kwamba yeye ni mkazi wa Averett. Uitie sahihi mbele ya kamishna wa viapo, jina lako kamili, kisha ukaliondoe jina la mtoto pale shuleni, wakupe barua yenye muhuri. Najua si kitu kidogo. Coralie anapika katika shule hiyohiyo, na wewe utakuwa unakiri kwa maandishi kwamba uliwaambia uongo. Huenda wakamnunia, huenda wakafanya zaidi ya hapo. Namwomba radhi sasa, na nitamwomba tena ana kwa ana. Lakini siwezi kuacha kukuomba.

Na nikuambie ukweli wote, ili usishtuke baadaye. Kama hati haijafika, Alhamisi nitasimama mwenyewe, nitakula kiapo, nitasema kwamba ndugu yangu wa tumbo moja alichukua jina la mwanangu bila kuniuliza. Gazeti litalichapa, na Mama atakuwa benchi la mbele akisikia. Nitalisema, Thurman. Unanijua.

Wiley anakusalimu, anasema jiko lile mlilojenga wawili nyuma ya nyumba bado halitoi moshi upande usiotakiwa. Mchungaji anakusalimu. Dada Pettus, sikio limepona, anauliza kama bado unapenda keki ya nazi. Nisalimie Coralie kwa upendo wangu wote, na umbusu Linwood. Mungu awalinde ninyi watatu, awape afya na kazi yenye heshima, na awatie ujasiri wa kutosha siku ya leo, wa kesho tutamwomba kesho.

Nilipomaliza kuandika hadi hapo nilimsomea Mama barua nzima, kwa sababu hapendi iondoke nyumbani bila yeye kuisikia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo. Nikamuuliza kama ana neno.

Akasema, "Karatasi ya gazeti nilisomewa. Karatasi ya kanisa nimesomewa. Karatasi ya shule nimesomewa. Mwambie ya kwake asiitie stempu. Ailete yeye."

Nikamwambia, "Mama, ana kazi, na mguu unamuuma."

"Basi aje akichechemea. Miaka kumi sijamsikia akipanda ngazi za nyumba hii. Akasimame pale mbele ya jaji aseme kwa mdomo wake, na mimi nimsikie akielewa."

Treni yako inaingia hapa saa nne asubuhi. Wiley atakuwa stesheni Jumatano tarehe kumi na nane, na nimemwambia asirudi peke yake.

Mimi dada yako nikupendaye, hata leo nilivyokukasirikia,

Arvella Barksdale Womack